Sare ya Nani?

Mzee aliyeketi upande wa pili wa ubao aliishika simu yangu kwa mikono miwili, akatazama kete zikihama moja baada ya nyingine mpaka zikabaki chache, kisha akainua uso.

"Sasa Mwalimu, nani kamla mwenzake?"

Ilikuwa alasiri, Ujiji, chini ya mwembe ambako drafti huchezwa mpaka giza linapowazuia wachezaji kutofautisha vizibo vya soda vilivyofunikwa na vilivyofunuliwa. Mzee alikuwa amesikia kwamba ninafundisha watoto sataranji, akataka kuona wakubwa wa mchezo huo wanavyocheza. Nilimchagulia mchezo wa 6 wa kuwania ubingwa wa dunia wa mwaka 2018, uliochezwa London kati ya Magnus Carlsen wa Norwei na Fabiano Caruana wa Marekani. Nilimjibu kwamba hakuna aliyeliwa. Walitoka sare baada ya hatua 80 na zaidi ya saa sita za kukaa kitini.

Nilitarajia acheke, au aseme kwamba watu wazima wamepoteza siku nzima. Badala yake aliuliza swali jingine, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo la kawaida kabisa.

"Sare ya nani?"

Swali hilo limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa sasa.

Kitu chenye mwenyewe

Kwa watu wa kijiwe kile, swali hilo halina fumbo lolote. Mchezaji akizidiwa, akabaki na kingi mmoja kwenye mstari mrefu huku mwenzake akiwa na kingi watatu, kisha akahangaika naye huku na huku, akakataa kuingia mtegoni mpaka mwenzake akachoka na kusema waachane, watazamaji hawasemi kwamba wawili hao wametoka sare. Wanasema fulani kachukua sare. Yule mwenye kingi watatu ndiye anayeondoka bila kuaga, na wapo watakaomkumbusha kesho yake. Sare, kwao, huchukuliwa kutoka mkononi mwa mtu, na kwa hiyo haiwezi kukosa mwenyewe.

Sisi tuliojifunza sataranji kwa vitabu na kwa intaneti hatujazoea kufikiri hivyo. Kwenye karatasi ya matokeo sare huandikwa nusu kwa nusu, na nusu ya huku inafanana kabisa na nusu ya kule. Mechi ile ya London iliufikisha utaratibu huo ukingoni: michezo 12 ya muda mrefu, sare 12, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu mechi za ubingwa wa dunia zilipoanza mwaka 1886. Walipoketi kuanza, Carlsen alikuwa na alama 2835 katika orodha ya dunia na Caruana alikuwa na 2832. Anayelitazama jedwali peke yake atasema kwamba watu wawili waliolingana wamelingana, na habari imekwisha.

Nimeirudia michezo ile jioni kadhaa nikiwa na swali la mzee mkononi. Nusu zile hazifanani hata kidogo.

Farasi aliyehama mara saba

Katika mchezo wa 6 Carlsen alikuwa na kete nyeupe. Caruana alimjibu kwa ulinzi wa Petroff, ambao wengi huuchukulia kama njia ya kuomba amani mapema, na ndani ya hatua tisa za kwanza farasi mmoja mweupe alikuwa amehama mara saba. Malkia wote wawili waliondoka ubaoni katika hatua ya nane, kila mmoja ameliwa na farasi. Ulionekana mchezo wa kusinzilia. Lakini polepole, bila kishindo, kete nyeusi zilianza kupata nafasi nzuri zaidi, na bingwa wa dunia akajikuta akijitetea kwa upande ambao kwa kawaida ndio huanza na nafuu.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kilichonifanya nimchagulie mzee mchezo huu. Carlsen alitoa kete kubwa moja na kupokea askari, akijua kwamba kwa hesabu atabaki nyuma, lakini akijua pia kwamba kila askari anayeondoka ubaoni ni tumaini moja linalopungua kwa mwenzake. Kisha akajenga boma. Mfalme, askofu na askari wachache walikaa mahali ambapo adui, hata akiwa na farasi wa ziada, hakuonekana kuwa na mlango wa kuingilia.

Kulilinda boma ni kazi isiyovutia macho. Kwa zaidi ya hatua ishirini mwenye boma hufanya kitu kilekile: askofu huenda, askofu hurudi. Mtazamaji asiyeujua mchezo atadhani hakuna kinachotokea, ilhali katika kila hatua ipo miraba miwili au mitatu ambayo askofu huyo akiikanyaga boma lote linaanguka, na anayelinda anapaswa kuikwepa akiwa amechoka, saa ya mchezo ikiwa inamhesabia, huku mwenzake akizunguka nje bila haraka na kujaribu kila ufa. Caruana alijaribu, akarudi, akajaribu tena. Katika hatua ya 80 walipeana mikono.

Basi sare ile ni ya Carlsen. Alizidiwa, akaponyoka, na Caruana ndiye aliyeondoka ameacha kitu nyuma. Jibu lilikuwa rahisi kiasi cha kunitia mashaka.

Mlango uliokuwapo

Mashaka yalianzia kwa mmoja wa vijana ninaowafundisha, ambaye hafungui mchezo wowote bila kompyuta kumwonyesha nani yuko mbele. Nilipomweleza habari ya boma la Carlsen, aliniambia, kwa adabu zote, kwamba boma hilo halikuwapo.

Kijana anasema kweli. Wakati mchezo ule ukiendelea, kompyuta kubwa ya Norwei iitwayo Sesse ilitangaza kwamba katika hatua ya 68 Caruana alikuwa na ushindi wa uhakika, mrefu wa zaidi ya hatua 30. Ushindi huo ulianza kwa askofu mweusi kwenda ukingoni mwa ubao, na baada yake farasi mweusi alipaswa kwenda kujibanza kwenye mraba wa g1, kwenye mstari wa mwisho kabisa wa upande wa adui, mahali ambapo yeye mwenyewe hana pa kutokea. Akikaa pale anaziba njia ya askofu mweupe, na polepole Carlsen anaishiwa hatua salama. Kila anayefundishwa sataranji huambiwa tangu mwanzo kwamba farasi aliye pembezoni ni farasi mgonjwa, na huyu alitakiwa aende pembezoni na kujifungia mlango mwenyewe. Garry Kasparov, bingwa wa zamani, aliandika kwamba kama Caruana angecheza hivyo, watu wangedai mara moja ziletwe mashine za kukagua vyuma, kutafuta kifaa alichoficha mwilini, kwa sababu hakuna binadamu anayeweza kumfungia farasi wake namna ile kwa hiari.

Je, mtu anaweza kumiliki sare ambayo kwa hakika yake ilikuwa kushindwa?

Nimelipindua jambo hili mara nyingi. Upande mmoja unasema ubao haudanganyi: nafasi ile ilikuwa ya ushindi kwa kete nyeusi, wachezaji wajue wasijue, kama vile kisima kilivyo na maji hata kabla hakijachimbwa. Upande mwingine, ambao ndio ninaoelemea, unasema kwamba mchezo ni wa wale wawili walioketi. Mlango ambao Caruana hakuuona, Carlsen hakuuona, na mabingwa waliokuwa wakitazama kwa macho matupu hawakuuona, haukuwa mlango wa mchezo ule. Ulikuwa mlango wa ubao ule. Carlsen alilinda dhidi ya kila kitu ambacho mtu aliye mbele yake aliweza kumfanyia, na sijui ni kipi kingine tunaweza kumdai mlinzi.

Tukiikubali hoja ya kijana mpaka mwisho wake, itatufikisha mahali pa ajabu. Mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza kwamba wameimaliza drafti ya Kiingereza kwa kompyuta, kazi iliyoanza mwaka 1989: pande zote mbili zikicheza bila kosa, matokeo ni sare. (Drafti hiyo si hii yetu, kwa kuwa kingi wao huenda hatua moja moja.) Sare ya namna hiyo ni kweli tupu na haina mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyezidiwa wala aliyeponyoka. Kwenye mashindano ya kompyuta za sataranji nako sare zimekuwa nyingi kiasi kwamba waandaaji huzipangia mwanzo uliopinda makusudi, upande mmoja uanze na nafuu, ili angalau mmoja ashinde. Ukweli wa ubao, ukiachwa peke yake, unaelekea kuwa sare tu, na swali la mzee linakosa mtu wa kulijibu.

Vizibo vinne

Nilirudi kijiweni nikiwa na kitu kidogo cha kumwonyesha, kisichohitaji simu. Mwaka 1921 Richard Réti, ambaye miaka mitatu baadaye huko New York alimfunga José Raúl Capablanca aliyekuwa hajafungwa kwa miaka minane, alichapisha fumbo lenye kete nne tu. Niliomba vizibo vinne na ubao wa drafti, ambao miraba yake ni 64 kama ya kwetu.

Kizibo cha kwanza kilikuwa mfalme mweupe, kwenye kona ya juu kulia. Miraba mitatu chini yake, ukingoni, nikaweka askari mweusi anayeshuka kwenda kugeuka malkia. Hatua nne zinamtosha. Upande wa kushoto nikaweka askari mweupe aliyebakiza hatua mbili kufika juu, na karibu naye mfalme mweusi aliye tayari kumla. Nyeupe inaanza. Watazamaji walilalamika kwanza kwamba vizibo vimekaa kwenye miraba isiyokanyagwa, kisha wakauliza ni mfalme gani huyu asiyeruka. Niliwaeleza kwamba wa kwetu huenda mraba mmoja mmoja, upande wowote. Baada ya hapo walikubaliana wote kwamba nyeupe imekwisha. Mfalme mweupe akimkimbiza askari mweusi moja kwa moja kwenda chini, anachelewa kwa hatua mbili kamili. Akikimbia kwenda kushoto kumwokoa askari wake, mfalme mweusi atakuwa ameshamla.

Lakini mfalme mweupe haendi chini wala haendi kushoto. Anakwenda kimshazari, na kila hatua ya kimshazari inamsogeza chini na kushoto kwa wakati mmoja. Hatua ya kwanza, askari mweusi anakimbia. Hatua ya pili, mfalme mweusi analazimika kusimama kwenda kumzuia askari mweupe. Hatua ya tatu mfalme mweupe yuko katikati ya ubao, na hapo mwenye kete nyeusi anapaswa kuchagua. Akimla askari mweupe, mfalme mweupe anageuka na kumkamata yule anayekimbia ukingoni, kwa sababu hatua mbili alizochelewa sasa zimelipwa. Akiendelea kumsogeza askari wake mweusi, mfalme mweupe anafika kwa askari mweupe kumlinda, na pande zote mbili zinapata malkia. Njia zote mbili ni sare.

Kimya. Kisha kijana mmoja muuza maji akavirudisha vizibo mahali pake, akaanza upya, akavirudisha tena. Mzee alimtazama mpaka akamaliza, akasema bila kusita kwamba hiyo ni sare ya mweupe.

Hapo ndipo nilipoona kwamba ukweli wa ubao na umiliki wa mchezaji vinaweza kukaa mahali pamoja. Hakuna kompyuta itakayopata ushindi katika fumbo la Réti. Ni sare hata zije mashine elfu. Na bado ina mwenyewe, kwa sababu mtu mmoja alipaswa kuiona njia na mwingine alipaswa kunyang'anywa.

Sare za mezani

Zipo pia sare ambazo hazina hata chembe ya hayo, na sitazikalia sana. Wakubwa wawili wanaketi, wanasogeza kete hatua kumi na kitu zinazojulikana, wanapeana mikono na kwenda kulala. Mwaka 1962, kwenye mashindano ya Curaçao, Tigran Petrosian, Paul Keres na Efim Geller walitoka sare katika michezo yote 12 waliyokutana wao kwa wao, mingi ikiwa mifupi, na Bobby Fischer akawashutumu hadharani kwamba walipanga. Tangu wakati huo dawa zimejaribiwa kila mahali: mashindano ya Sofia ya mwaka 2005 yalikataza wachezaji kupatana wao wenyewe, na kwenye mashindano ya Norway Chess, tangu mwaka 2019, kila sare hufuatiwa na mchezo wa haraka wa kuamua. Kijiweni Ujiji hakuna kanuni ya namna hiyo. Watu wakiachana mapema wanaambiwa wapishe ubao, wapo wanaotaka kucheza.

Saa saba za siku ya kwanza

Mchezo wa 1 wa London, uliochezwa tarehe 9 Novemba, ulidumu hatua 115 na saa saba hivi. Safari hii Caruana ndiye aliyekuwa na kete nyeupe, na ndiye aliyebanwa. Kanuni ziliwapa dakika 100 kwa hatua 40 za kwanza, na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua. Kufikia hatua ya 30 na kitu Caruana alikuwa karibu kuishiwa dakika hizo, na Carlsen alikuwa na ushindi ambao hauhitaji kompyuta kubwa kuuona. Mabingwa waliokuwa wakiutangaza mchezo walikuwa wakiutaja kwa sauti. Hakuupata. Mchezo ukaingia kwenye ngome kwa ngome, yaani kila upande umebaki na kete kubwa moja iitwayo ngome, Caruana akiwa na askari mmoja pungufu, na akaulinda upungufu huo kwa makumi ya hatua.

Sare ya Caruana, bila ubishi. Na hapa simwonei huruma Carlsen, kwa sababu mlango huu ulikuwa wazi kwa macho ya binadamu. Nusu aliyoipata katika mchezo wa 1 na nusu aliyoipata katika mchezo wa 6 zimeandikwa kwa kalamu moja kwenye safu moja, ilhali moja ni ya mtu aliyeporwa na nyingine ni ya mtu aliyepora.

Jumatatu, tarehe 26 Novemba

Mchezo wa 12 ndio uliovuruga hesabu yangu yote.

Ulikuwa mchezo wa mwisho wa muda mrefu. Carlsen, mwenye kete nyeusi, alikuwa na nafasi nzuri zaidi na muda mwingi zaidi kwenye saa. Mshindi wa mchezo huo angekuwa bingwa wa dunia papo hapo; wakitoka sare, ubingwa ungeamuliwa Jumatano kwa michezo ya haraka. Katika hatua ya 31, Carlsen alipendekeza sare.

Caruana alikubali, na nani asingekubali? Kasparov alisema kwamba hatua ile ilimfanya afikirie upya imani yake kwamba Carlsen ndiye angeshinda michezo ya haraka, kwa maana alionekana ameingiwa na woga. Vladimir Kramnik, bingwa mwingine wa zamani, naye alimlaumu.

Kwa kipimo cha kijiweni, aliyechukua sare ni yule aliyeponyoka, kwa hiyo sare ya mchezo wa 12 ni ya Caruana, tena amepewa bure. Lakini sare hii haikunyang'anywa kwa mtu. Ilitoka kwa yule aliyekuwa mbele, aliyeitaka kabla mwenzake hajathubutu kuiomba. Mpaka hapa nilikuwa nimechanganya mambo mawili bila kujua: aliyeokolewa na sare, na aliyeitaka sare. Katika mchezo wa 1 na wa 6 wote wawili ni mtu mmoja, ndiyo maana jibu lilinijia haraka. Katika mchezo wa 12 wametengana, mmoja kila upande wa meza.

Mji huu unazifahamu mechi ambazo lazima mmoja aondoke mikono mitupu. Julai 2021 Simba na Yanga walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho hapa hapa, Uwanja wa Lake Tanganyika, na Simba wakalichukua kwa bao 1–0. Siku ya fainali hakuna mgao. Mechi ya ubingwa wa dunia ni fainali iliyogawanywa vipande, na sare ya mwisho huwasukuma wachezaji kwenye michezo ya haraka, ambako mwaka ule Carlsen alikuwa akimzidi Caruana kwa mbali, tofauti na zile alama tatu za sataranji ya muda mrefu. Mtu anayejua kwamba kesho kutwa atakutana na mwenzake kwenye uwanja wake mwenyewe hana sababu kubwa ya kuhatarisha leo, hata akiwa mbele. Anatoly Karpov na Kasparov walipokutana Moscow mwaka 1984 kuwania ubingwa wa dunia, kanuni ilidai ushindi mara sita bila kikomo cha michezo; walitoka sare mara 40 katika michezo 48, mpaka mechi ikasimamishwa tarehe 15 Februari 1985 bila mshindi. Wao hawakuwa na kesho kutwa ya namna hiyo, na kila sare iliwarudisha kwenye kiti kilekile. Carlsen alikuwa nayo, akaitumia.

Siku ya Jumatano alishinda michezo ya haraka 3–0. Wengi wa waliomlaumu walinyamaza, na hapo ndipo ninapotofautiana nao zaidi kuliko walipokuwa wakilaumu. Ama uamuzi wa hatua ya 31 ulikuwa woga au haukuwa woga. Nafasi ya ubao, muda wa saa na tofauti yao katika michezo ya haraka vilikuwa vilevile Jumatatu jioni, kabla ya mtu yeyote kujua ya Jumatano. Mimi binafsi nisingeutoa mkono pale. Ningecheza hatua kumi zaidi nione, kwa kuwa sare ingeendelea kunisubiri. Lakini nikiulizwa ni ya nani, nasema ni ya Carlsen, na ningesema hivyo hata kama Caruana angemfunga Jumatano yote mitatu.